Kutoka Moshi Kwenda Mosi

Nilipowaeleza watu wa nyumbani Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwamba Machi 17 nitaanza safari ya siku 76 kuelekea kusini mwa Afrika, nikiwa peke yangu na begi moja mgongoni, swali la kwanza halikuhusu fedha wala usalama. Mama alitua kisu alichokuwa akimenyea ndizi, akanitazama kwa muda, kisha akauliza: "Unakwenda kwa nani?" Nilipomjibu kwamba siendi kwa mtu yeyote, aliligeuza swali kidogo tu: "Sasa utafikia wapi?"

Maswali hayo mawili yamenifuata kwa miezi minne ya maandalizi, na naona sasa kwamba karibu kila nilichokipanga ni jitihada ya kuyajibu. Kwetu msafiri ana mwenyeji. Mtu husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa masomo, kwa biashara au kwa matibabu, na hata kijana anayekwenda Dar es Salaam bila kazi hufikia kwa shangazi au kwa mtoto wa jirani. Desemba ikifika, waliotawanyika kote nchini hupanda tena mlimani hadi kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha baba zao, na hiyo ndiyo safari kubwa ya mwaka. Anayeondoka kwa karibu wiki kumi na moja bila kuitwa na mtu, bila kupeleka kitu wala kufuata kitu, ama ana siri ama ana matatizo. Baba mdogo alinivuta pembeni na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nina deni.

Jambo hili lina kichekesho chake, kwa sababu safari za namna hiyo ndizo zinazonilisha. Nilianza kupanda Kilimanjaro mwaka 2016 nikiwa mpagazi, au mgumu kama tunavyoitana wenyewe, mmoja wa wanawake wachache sana katika kundi letu, na sasa ninaongoza watalii kama msaidizi. Kwa miaka hiyo yote nimebeba mabegi ya watu waliotoka nchi za mbali bila kuitwa na mtu, wakalala kwenye mahema katika baridi ya kambi ya Barafu, wakafika kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895, wakashuka na kwenda kwingine ambako pia hawakuwa na mwenyeji. Sikuwahi kumwuliza hata mmoja wao anakwenda kwa nani. Kwa mgeni tuliliona jambo la kawaida, na kwa binti wa Kibosho limekuwa jambo la kikao cha ukoo.

Kazi hiyo ndiyo shule yangu ya kufunga begi. Langoni mzigo wa kila mpagazi hupimwa kwenye mizani, na ukizidi kilo 20 hupunguzwa, kwa hiyo mabega yangu yanaijua kilo moja kwa namna ambayo kitabu hakiwezi kufundisha. Nimejifunza pia kwamba karibu theluthi ya vitu vya mgeni hupanda na kushuka bila kuguswa. Nimeona mashati yakirudi lango la Mweka yakiwa na mikunjo ileile ya dukani, vitabu vinene ambavyo havikufunguliwa, taa tatu za kichwani za mtu mmoja mwenye kichwa kimoja, na chupa ya manukato iliyopasukia ndani ya begi la kulalia na kutufanya tunukie sote hadi Shira. Mgeni mzoefu utamtambua mapema: begi lake ni dogo, nguo zake zimefifia rangi, na kila kitu anakijua kilipo hata gizani.

Langu nililipata katika soko la Memorial, mtumba wa lita 45 wenye mikanda mizima na zipu moja iliyohitaji fundi. Nimelifunga na kulifungua mara tano, na kila mara nimelipima kwenye mizani ya jirani anayenunua mahindi. Mara ya kwanza lilikuwa na kilo 14 na nusu, jambo lililonitia aibu. Nilitoa jozi ya pili ya viatu, nikatoa suruali moja, nikatoa sufuria, nikabakiza hema dogo, begi la kulalia, koti la mvua, sweta nzito, nguo za kubadilisha mara tatu, khanga mbili, dawa na chombo cha kuchajia simu. Khanga mbili hazina mjadala: ni shuka, ni taulo, ni pazia na ni mto. Sasa lina kilo tisa na robo bila maji, na sitaliongeza chochote isipokuwa kitakacholiwa siku hiyohiyo.

Ni haki niseme kwamba kusini halikuwa chaguo langu la kwanza. Miaka miwili iliyopita mteja niliyempandisha mlima alinialika kwao Ulaya, nami nikaomba viza ya nchi hiyo nikiwa na barua yake ya mwaliko, barua ya mwajiri na taarifa ya benki. Majibu yalikuja kwenye karatasi yenye visanduku, kimoja kikiwa kimetiwa alama: hawakuridhika kwamba nina nia ya kurudi. Ada, ambayo kwa nchi za eneo la Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi kwa aliyekataliwa. Niliumia kwa ajili ya fedha, lakini niliumia zaidi kwa sababu safari ile nilikuwa na jibu kamili la "kwa nani," lenye jina, anwani na saini, na halikutosha.

Baada ya wiki kadhaa za kununa nilifungua ramani nikajiuliza swali jingine: pasipoti niliyonayo inafungua mlango gani bila kubisha hodi? Pasipoti ya Tanzania ya kielektroniki, iliyozinduliwa mwaka 2018 na ambayo hudumu miaka kumi, ilinigharimu shilingi 150,000, na hutazamwa kwa jicho tofauti kabisa ukielekea kusini. Kwa kuwa tumo ndani ya SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), Zambia, Botswana na Namibia hutupokea kwa matembezi bila viza, na Afrika Kusini huturuhusu hadi siku 90 kwa mwaka. Taratibu hubadilika, hivyo nitazihakiki upya wiki ya mwisho kabla ya kuondoka. Nilipounganisha nchi hizo kwa kalamu, nikapata njia isiyohitaji ndege hata moja kutoka stendi ya Moshi hadi bahari ya Atlantiki, na hapo ndipo mpango wenyewe ulipozaliwa.

Tarehe zimepangwa na mvua. Masika yakianza kwetu, wageni hupungua, njia za mlimani hugeuka matope, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei watu wa kazi yangu hukaa nyumbani wakisubiri Juni. Mkanda wa mvua unaoleta masika huku kaskazini ndio huohuo ambao tangu Novemba huwa kusini, ukisafiri pamoja na jua, kwa hiyo unapotufikia sisi, Zambia na Namibia zinaanza kukauka. Miezi nisiyo na kazi ndiyo miezi mizuri ya kusafiri huko. Nina uhakika watu wengi wa Moshi wanaoishi kwa mlima hawajawahi kuufikiria ulinganifu huu, na mimi mwenyewe niliufikiria nikiwa na miaka tisa kazini.

Kutoka Dar es Salaam ningependa kupanda treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 ili Zambia ipate njia ya baharini isiyopita katika nchi zilizotawaliwa na Wazungu wachache. Huishia New Kapiri Mposhi, mwendo wa kama kilomita 200 kabla ya Lusaka. Hata hivyo huduma ya abiria imekuwa ikibadilikabadilika, na mpango unaosimama juu ya treni moja ni mpango wa mguu mmoja, kwa hiyo nimeweka pembeni njia ya basi kupitia Mbeya na mpaka wa Tunduma. Pale ng'ambo ni Nakonde, ambako Kiswahili bado kinaelewana na soko. Lusaka nitatumia Kiingereza, ingawa nimefurahi kujua kwamba katika Kinyanja nyama ni nyama, moto ni moto, na mvua ni mvula.

Kutoka Lusaka nitakwenda Livingstone, kwenye maporomoko ya mto Zambezi ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Maporomoko hayo yana upana wa mita 1,708 na kina cha mita 108, na mwezi Aprili maji huwa mengi kiasi kwamba manyunyu hupanda juu na kumlowesha mtazamaji kama mvua. Nilipomweleza Mama maana ya jina hilo, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazungumzo haya. "Kwa hiyo unaacha kazi utoke Moshi uende Moshi," alisema. Sijaacha kazi, lakini jina la andiko hili nimelipata kwake.

Baada ya hapo njia inageuka magharibi. Nitavuka daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021 lenye urefu wa mita 923, ambalo limepindishwa juu ya maji ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe, na kuingia Botswana. Pale sina budi kuacha nyama yote ya kukausha niliyonuia kubeba kwa ajili ya njiani. Botswana huuza nyama ya ng'ombe nje na inaogopa ugonjwa wa miguu na midomo, kwa hiyo kwenye vizuizi vya mifugo nyama hunyang'anywa na msafiri hukanyagishwa dawa kwa viatu vyake. Mtu wa mlimani asiye na nyama safarini ni habari ya kusikitisha, lakini sheria ni sheria.

Kutoka Kasane nitaingia Namibia kupitia Ngoma hadi Katima Mulilo, mwanzo wa ule mkia mwembamba unaoonekana kwenye ramani kama kidole kinachoelekeza mashariki. Nimeutafutia asili yake kwa usiku mzima, na nimekuta habari inayotuhusu sisi moja kwa moja. Shuleni tulifundishwa kuhusu mkataba wa mwaka 1890 kati ya Ujerumani na Uingereza, ambao Ujerumani iliachia madai yake ya Zanzibar na Witu na kupata kisiwa cha Heligoland. Tusichofundishwa ni kwamba katika mkataba huohuo Ujerumani ilipewa kipande hiki cha ardhi, chenye urefu wa kama kilomita 450, ili koloni lake la Kusini-Magharibi mwa Afrika lifike mto Zambezi na kupata njia kuelekea upande wa bahari ya Hindi na koloni lake jingine, yaani hili letu. Kipande hicho kikaitwa Caprivi kwa jina la kansela wa wakati huo, na sehemu yake ya mashariki ilibadilishwa jina kuwa mkoa wa Zambezi mwaka 2013. Tatizo lilikuwa dogo tu: chini kidogo ya hapo ndipo yalipo yale maporomoko ya mita 108, ambayo hakuna meli iliyowahi kuyashuka. Safari ambayo dola nzima ilishindwa kuifanya kwa maji, mimi nitaifanya kwa basi, kutokea upande wa pili.

Namibia ndiyo iliyonifanya nirudie hesabu zangu zote. Ina kilomita za mraba zipatazo 825,000, si ndogo sana ukilinganisha na Tanzania, lakini sensa ya 2023 ilihesabu watu milioni tatu tu, wakati sensa yetu ya 2022 ilihesabu milioni 61. Maana yake kwa msafiri wa basi ni kwamba hakuna daladala kila baada ya dakika kumi kama kati ya Moshi na Arusha. Kutoka Katima Mulilo hadi Windhoek ni kama kilomita 1,200, na barabara hupita katikati ya hifadhi ya Bwabwata, ambako tembo huvuka wanapotaka. Nimeamua kutosafiri usiku katika kipande hicho, na kulala Rundu katikati, hata kama itanigharimu siku mbili zaidi. Kutoka Windhoek nitakwenda Swakopmund kuliona jangwa la Namib likishuka hadi baharini, halafu kusini hadi mto Orange na Cape Town, ambako nitapanda Table Mountain. Kilele chake ni mita 1,086, chini ya lango la Machame ambako kupanda Kilimanjaro huanzia, na nimeahidi kutowacheka watakaokuwa wakihema.

Fedha nimeziweka kwa miaka mitatu, sehemu kutoka bakshishi na sehemu kutoka mchezo wetu wa akina mama wa mtaani Pasua, ambao zamu yangu iliangukia Januari. Jumla ni shilingi milioni 6.5. Usafiri utachukua milioni 2.2, malazi milioni 2, chakula milioni 1.3, na milioni moja iliyobaki haiguswi mpaka niugue au niibiwe. Malazi ya shilingi kama 26,000 kwa usiku hayawezekani kila mahali, ndiyo maana hema limebaki begini: katika nchi hizo nyumba nyingi za wageni huruhusu mtu kusimika hema uani kwa bei ndogo na kutumia jiko na bafu lao. Dola nitakazobeba nimezichagua moja moja. Yeyote aliyewahi kupewa bakshishi ya noti iliyochanika au yenye mhuri anajua uchungu wa kusimama dirishani huku ikirudishwa kwako, na sitaki kuuonja tena nikiwa Rundu. Dola ya Namibia ni sawa na randi moja kwa moja na randi hupokelewa huko, kwa hiyo mwishoni nitahitaji sarafu chache kuliko nilivyodhani.

Chanjo ya homa ya manjano nilichoma zamani, na tangu 2016 kadi yake hutambulika maisha yote, kwa hiyo imo kwenye mfuko wa pasipoti na habari yake imekwisha.

Kuhusu kuwa mwanamke peke yangu, nimesikia ushauri mwingi, mwingi wake kutoka kwa wanaume ambao hawajavuka Namanga. Kanuni zangu ni chache. Ninafika mji mpya kabla ya jua kuzama au nisiondoke siku hiyo. Usiku wa kwanza wa kila mji nimeulipia au nimeuthibitisha kwa simu kabla ya kupanda basi. Anayeuliza stendi kama niko peke yangu anajibiwa kwamba ninasubiriwa. Mlimani nimekaa na wanaume arobaini kwenye kambi moja, nikajifunza kutofautisha mzaha na nia, na naamini jicho hilo halitabaki Moshi. Johannesburg, nitakayopita nikirudi, ndiyo inayonipa wasiwasi wa kweli, kwa sababu wageni kutoka nchi nyingine za Afrika wameshambuliwa huko zaidi ya mara moja, hasa mwaka 2008, 2015 na 2019, na sitajidanganya kwamba lafudhi yangu haitasikika.

Mjomba, mwalimu mstaafu aliyefundisha Morogoro, halioni hivyo. Katika kikao aliwakumbusha wote kwamba Waafrika Kusini walipewa ardhi Mazimbu wakajenga shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979, na kwamba wapigania uhuru wa Namibia walikaa Kongwa. "Huyu ana wenyeji tayari," alisema. "Walikuwa wageni wetu, sasa ni zamu yao." Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, na nadhani hapo ndipo ruhusa ilipopatikana. Mimi nina shaka kama askari wa mpakani mwenye umri wa miaka 25 atanipigia saluti kwa ajili ya Mazimbu. Ninabeba barua ya mwajiri inayosema ninatakiwa kazini Juni 3, na ninaiamini barua hiyo kuliko historia, ingawa sikumwambia Mjomba.

Njia ya kurudi, kupitia Johannesburg, Beitbridge, Harare, Chirundu na tena Lusaka, bado haijakaa sawa, na huenda nikaipangia njiani. Sehemu ya kwenda nimemwandikia Mama kwenye karatasi moja: tarehe, mji, jina la nyumba ya wageni na namba ya simu. Ameibandika ukutani chini ya kalenda ya parokia, na kila jirani anayeingia husomewa. Jana usiku alinipigia akitaka kuhakikisha jambo moja.

"Huyu Rundu ni mtu?"

Nilimwambia ni mji.

"Basi ukifika tafuta mtu," alisema, "uniletee jina lake nimwandike hapa."